Mteja anataka sauti na namba za simu za wanawake niliowahoji

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mtafiti wa kujitegemea, naishi Morogoro. Nilisoma sosholojia, nikafanya kazi ya msaidizi wa utafiti kwenye miradi ya chuo, na mradi wa mwisho ulipofungwa nikaanza kutafuta kazi mwenyewe. Ofisi sina. Nina kompyuta, vinasa sauti na wasaidizi wawili ninaowaita kazi ikipatikana.

Mwaka huu nilipata kazi ya kampuni moja ya ushauri ya Ulaya, kupitia wakala wao wa Dar es Salaam. Hadidu za rejea zilitaka mahojiano ya kina na wanawake wa vijijini kuhusu ardhi: nani anarithi, nani anafukuzwa mume akifa, kesi zinaishia wapi. Tuliwahoji wanawake zaidi ya 30 mkoani humu. Kabla ya kuwasha kinasa sauti, kila mmoja nilimsomea fomu ya ridhaa. Inasema: "Mazungumzo haya yatatumiwa na timu ya utafiti peke yake, na jina lako halitatajwa popote." Wengi waliweka dole gumba.

Wakasema mengi. Yupo mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake kabla arobaini haijafika. Yupo mama mwingine, mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa (VICOBA), alinieleza kwa majina jinsi mwenyekiti wa kijiji na wenzake wawili wa halmashauri ya kijiji walivyomuuzia mtu wa mjini eneo la kijiji bila mkutano mkuu kuitishwa. Alipomaliza akaniuliza, "Lakini hii haiwafikii wao, sivyo?" Nikamjibu haiwafikii.

Ripoti nimeshawasilisha, pamoja na unukuzi wa mahojiano niliofuta majina. Sasa mteja anataka na sauti zote, na orodha ya majina, vijiji na namba za simu, "kwa ajili ya kuhakiki ubora wa data". Asilimia 40 ya malipo imeshikiliwa mpaka nitume. Nilipowakumbusha fomu ya ridhaa walinijibu kwamba wao ndio walioagiza utafiti, kwa hiyo na wao ni timu ya utafiti. Tena mkataba unasema data zote ni mali ya mteja. Hilo ni kweli, nimeusoma upya. Wakala ananisihi nitume yaishe, maana hata yeye hajalipwa; anasema mbona fomu za malipo ya nauli nilimtumia mhasibu wiki ile ile tuliyorudi na hakuna aliyelalamika.

Wasaidizi wangu wananidai. Mwenye nyumba naye ananidai.

Jambo la pili. Nilitaka kuandika makala yangu ya kitaaluma kutokana na mahojiano haya. Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua za mkoa na wilaya tulikuwa nazo, ila kamati ya maadili hatukupita. Wakala alisema hii ni kazi ya ushauri tu. Jarida linataka namba ya idhini ya kamati. Ningekuwa bado chuoni ningemfuata mkuu wa idara. Sasa nimfuate nani?

La tatu, yule mjane hunipigia simu kuuliza "ile taarifa yetu imefika wapi", na kama naweza kumsindikiza kwenye baraza la ardhi. Nimweleze nini?

Mtafiti asiye na mwavuli, Morogoro

* * *

Marahaba, binti.

Barua yako nimeigusa kabla ya kuichapa. Ulitaja wilaya, kampuni na wakala, na mambo ya yule mjane uliyaeleza kwa namna ambayo mtu wa kijiji chao angemtambua kabla hajamaliza aya. Hata cheo cha yule mama wa pili kwenye kikundi chao si hicho kilichosomeka hapo juu. Kama uliniandikia hivyo mimi usiyenijua, basi na unukuzi uliomtumia mteja unahitaji kupitiwa tena. Nitalirudia hilo.

Kwanza jambo ulilolipitia juu juu, tena ukaliweka mdomoni mwa wakala. Unakosa usingizi kwa ajili ya sauti ambazo bado ziko mikononi mwako, wakati majina yalishaondoka siku nyingi. Fomu ya nauli tunaijua sote: namba ya mstari, jina kamili, kijiji, simu, kiasi, sahihi au dole gumba, na juu kabisa jina la mradi na tarehe. Mtu akiiweka fomu hiyo kando ya unukuzi wako wenye tarehe na mahali pa mahojiano, hahitaji sauti wala orodha. Atahesabu tu nani alilipwa nauli Jumanne ile, na kazi yote uliyoifanya ya kufuta majina imekwisha.

Huko ndiko siri nyingi za utafiti zinakovujia, kwenye karatasi za fedha. Mhasibu hana ubaya, anatafuta viambatisho vya wakaguzi wake. Kwa hiyo usimwombe azichane, hawezi na hatakubali. Mwandikie leo, umuulize mambo matatu: nani amezifungua, zimehifadhiwa kwenye folda gani, na kama timu ya kitaalamu ya mradi inaiona folda hiyo. Kisha omba zihamishiwe kwenye kumbukumbu za fedha peke yake, zifungwe kwa nywila, na nakala yoyote itakayotoka humo izibwe safu za jina, kijiji na simu. Kazi ijayo kubaliana na mhasibu kabla ya safari: fomu ibebe namba ya mshiriki, kiasi, dole gumba na sahihi ya shahidi, na ufunguo wa namba hizo, yaani orodha ya nani ni namba ipi, ubaki kwako. Mkaguzi akitaka kuuona, aje auone mbele yako. Wapo wahasibu wanaokubali utaratibu huu ukiwaeleza mapema. Ukiwaeleza baada ya safari, hakuna anayekubali.

Turudi kwa mteja wako. Tusimfanye jambazi. Wewe na mimi tunajua kwa nini anataka kuhakiki: watu wamepika data sana. Mtu anajifungia gesti na dodoso, anawajaza "wakulima" kumi kabla ya chakula cha mchana, anadai posho ya siku tatu. Mteja aliyewahi kuuziwa mahojiano ya namna hiyo ana haki ya kuuliza kama wanawake wako wapo kweli. Anachokosea ni njia, na wewe ukimkatalia tu bila kumpa njia nyingine utaonekana una jambo unaficha.

Mpe njia nyingine. Unaweza kuwapigia wewe washiriki wachache atakaowachagua kwa namba zao za ushiriki, si za simu, uwaulize kama wako tayari kuongea na mhakiki kwa dakika chache, na anayekubali ndiye aunganishwe, kwa simu yako. Mhakiki aulize kama mahojiano yalifanyika, yalichukua muda gani, walielezwa nini. Asiulize walisema nini. Au mhakiki mmoja, aliyesaini hati ya kutunza siri na asiye na uhusiano wowote na wilaya hiyo, aje Morogoro asikilize vipande vya sauti kwenye kompyuta yako, bila kunakili, alinganishe na unukuzi. Mpe pia jedwali la tarehe za jumla na urefu wa kila mahojiano. Nimeona wateja wakaridhika na pungufu ya hapo.

Sasa hoja yao ya "na sisi ni timu ya utafiti". Kisheria watabishana nayo vizuri. Lakini ridhaa husomwa kwa masikio ya aliyeitoa. Yule mama aliposikia "timu ya utafiti" aliwaona nyinyi watatu mliokaa mbele yake, na kinasa sauti mezani. Hakuona kampuni ya Ulaya wala wakala wa Dar. Kama mlitaka awaone, mlipaswa kuwataja. Na mkataba unaosema data ni mali ya mteja haumfungi yeye, hakuusaini. Unakufunga wewe, na hapo ndipo penye maumivu: uliahidi kijijini kitu ambacho mkataba wako tayari ulikuwa umekitoa kwa mtu mwingine. Waliopo vyuoni hukamatwa na kamati kabla ya kufika huko, maana mjumbe mmoja atauliza tu, "data zitakaa wapi na nani atazisikiliza?" Wewe hukuwa na wa kukuuliza.

Una sheria pia upande wako, ingawa inakatia kotekote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa, na ina masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Jina, namba ya simu na sauti ya mtu ni taarifa binafsi bila ubishi. Ila sheria hiyo hiyo inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wasajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na haisemi wenye ofisi peke yao. Ulizia usajili wako kabla hujamtajia mtu mwingine vifungu.

Mteja akiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, anabanwa pia na kanuni yao ya ulinzi wa data inayotumika tangu Mei 2018, inayodai mtu asikusanye taarifa zaidi ya anazozihitaji kwa kazi husika. Kampuni nyingi za huko zina afisa wa ulinzi wa data. Barua yako mwelekeze meneja wa mradi, na nakala mpe afisa huyo. Andika kwa adabu, kwa ufupi, kitu kama hiki:

"Washiriki walitoa ridhaa kwa masharti yaliyomo kwenye fomu niliyoiambatisha. Kutuma sauti, majina na namba za simu kutakiuka masharti hayo. Ninapendekeza uhakiki ufanyike kwa njia mbili zifuatazo, na niko tayari kuanza wiki ijayo. Naomba afisa wenu wa ulinzi wa data athibitishe kwa maandishi kama bado mnahitaji taarifa hizo, na kwa msingi gani wa kisheria."

Hiyo sentensi ya mwisho hufanya kazi kubwa kuliko hotuba nzima ya maadili. Meneja anayetaka kufunga mradi hapendi kuandika jambo hilo kwa mkono wake.

Ila usijidanganye kwamba ukishinda hapo umemlinda yule mama. Anachotuhumu si umbea wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo ulichonacho kwenye kinasa sauti ni tuhuma ya kuvunja sheria, yenye majina. Jambo la namna hiyo linaweza siku moja kutakiwa na mtu mwenye nguvu kuliko mteja wako. Chuo cha Boston College cha Marekani kiliyaona hayo. Kuanzia 2001 mradi wake uliwarekodi waliokuwa wapiganaji wa Ireland Kaskazini, wakaahidiwa kwamba kanda hazitatolewa hadi wafe. Mwaka 2011 polisi wa huko walizidai kupitia mahakama za Marekani. Baada ya mvutano mrefu, sehemu ya kanda hizo zilikabidhiwa 2013, na mwaka uliofuata mwanasiasa Gerry Adams alikamatwa, akahojiwa kwa siku nne, kisha akaachiwa bila mashtaka. Ahadi waliyopewa wasimuliaji haikutaja mipaka ya sheria, na chuo kizima chenye mawakili kilishindwa kuitimiza. Wewe huna wakili hata mmoja. Mwaka 1993, huko huko Marekani, mwanafunzi wa uzamivu wa sosholojia aitwaye Rik Scarce alikaa jela siku 159 kwa kukataa kueleza mahakama aliyoambiwa na watu aliowahoji. Sikutaki jela. Nataka fomu yako ijayo isiseme "halitatajwa popote". Iseme siri itatunzwa kadiri sheria inavyoruhusu, iseme nani atasikiliza sauti, na iseme sauti itafutwa lini.

Hilo la kufuta uanze nalo kazi hii hii. Unukuzi ukishahakikiwa, huna sababu ya kuendelea kukaa na sauti ya mama huyo. Mwandikie mteja kwamba sauti zitafutwa tarehe fulani baada ya uhakiki, uone kama anapinga. Wala usifute sasa katikati ya mgogoro, itaonekana umeharibu ushahidi. Na ule unukuzi uliokwisha kutuma, omba kuubadilisha na toleo jipya. Jina likifutwa, bado kuna cheo chake kwenye kikundi, umri, idadi ya watoto, mtaa wa kisima, mwaka aliofiwa. Usome kama anavyoweza kuusoma mwenyekiti mwenyewe: akimjua kwa kuunganisha mambo mawili, ondoa mojawapo. Vijiji viite A, B na C, na maelezo yanayomgusa kiongozi yatoe kwenye simulizi ya mtu mmoja uyaweke kwenye sehemu ya jumla ya ripoti. Utapoteza uzito kidogo wa simulizi, sawa. Mkoa wako una kumbukumbu ya watu 38 waliouawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, Desemba 2000, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Ardhi huko haichezewi.

Kuhusu makala. Kibali cha COSTECH na barua za Katibu Tawala zinakuruhusu kuingia kijijini. Kazi ya kamati ya maadili ni nyingine: kuangalia kama wanaohojiwa wanalindwa. NIMR nayo usiihangaikie, hao ni wa utafiti wa afya ya binadamu. (Wenzetu wa Kenya husukumwa mapema, maana leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, inaambatana na idhini ya kamati iliyosajiliwa. Sisi mtu anaweza kufika hadi kijijini bila kuulizwa.) Wakala alikudanganya, au alijidanganya, kwamba kazi ya ushauri haina maadili; mama anayehojiwa haijui tofauti ya ripoti na makala.

Kamati nyingi hazitoi idhini kwa data zilizokwisha kukusanywa, na wewe usiende kuomba kana kwamba hujaanza. Watu wamefanya hivyo, na wakigundulika makala hufutwa na jina linaoza. Nenda chuo unachofahamika, tafuta mhadhiri unayemheshimu, omba kuwa mtafiti mshiriki au muandike naye, halafu muiulize kamati yao swali la kweli: je, inaweza kupitia matumizi mapya ya unukuzi usio na utambulisho, uliokusanywa kwa kazi ya ushauri? Waoneshe fomu ya ridhaa ilivyo. Inawezekana wakakutaka urudi kijijini kuomba ridhaa mpya kwa ajili ya makala. Inawezekana wakakataa. Wakikataa, andika makala ya njia, si ya data: jinsi mkataba wa ushauri unavyogongana na ridhaa ya kijijini. Hiyo ningeisoma mwenyewe, na haihitaji kumnukuu mtu hata mmoja. Kabla ya yote soma mkataba kama unaruhusiwa kuchapisha. Kama data ni mali ya mteja, huenda usiwe na hata hiyo nafasi.

Mjane ndiye rahisi kuliko wote, kwa hiyo usimkwepe simu. Mwambie ukweli: ripoti imekwenda kwa walioiagiza, haitamrudishia shamba, na wewe si wakili. Kumsindikiza barazani usikubali. Siku watakayokuona naye, kijiji kizima kitajua ni nani alizungumza nawe, na wengine wote watahesabiwa humo. Mwelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya yake, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yao ni ya bure. Mweleze pia jambo ambalo wengi hawajui: tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu. Akitaka uamuzi, mahali pake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Utakuwa umemsaidia kuliko kupanda naye bodaboda. Matokeo ya utafiti warudishie wote kwa pamoja, kwa mkutano au kwa karatasi moja ya Kiswahili, yakiwa ya jumla. Kama bajeti haikuwa na fungu hilo, lidai kwenye barua hiyo hiyo ya mteja. Wakilikataa, angalau limeandikwa.

Fedha. Sitakuambia uvumilie, kodi haivumilii. Kabla ya kubishana juu ya asilimia 40 yote, angalia jedwali la malipo kwenye mkataba linasema nini. Kama awamu ya mwisho inalipwa kwa "ripoti iliyokubaliwa" na ripoti wameikubali kwa barua pepe, wanakudai data kwa fedha ambayo tayari ni yako, na hapo wakili wa kuandika barua moja tu hana gharama ya kukutisha. Kama mkataba umetaja sauti kama sehemu ya kazi, jadiliana upunguziwe, upate hata nusu. Nusu hiyo ikifika, walipe wasaidizi wako kwanza kabla ya mwenye nyumba. Si kwa huruma tu. Waliofanya unukuzi ni wao, na nakala za sauti ziko kwenye kompyuta zao, kwenye simu zao, na bila shaka kwenye kile kikundi cha WhatsApp mlichofungua kwa ajili ya kazi, ambako mtu aliwahi kutuma faili akiuliza "hapa anasema nini, sisikii vizuri". Msaidizi asiyelipwa hana sababu ya kukusikiliza ukimwambia afute. Waite siku ya malipo, kaeni pamoja, fungueni simu moja moja mpaka kwenye hifadhi ya Google na kwenye faili zilizopakuliwa, kisha wasaini kwamba hawana nakala. Na simu yako uianze.